Limbwata la Kijiko cha Chai

Kwikwi.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu Daudi, kabla sijaona uso wake na kabla sijaambiwa jina lake. Nilikuwa nasukuma toroli la chakula wodini asubuhi, na kutoka nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho ikaja sauti hiyo, fupi, ya mtu anayeizuia kwa kiganja. Nikasimama. Ikaja ya pili.

"Wewe uliye nyuma ya pazia," nikasema, "hebu weka kijiko chini."

Pazia likauliza, "Nani kakuambia nina kijiko?"

"Tumbo lako."

Nilipolivuta nikamkuta mwanamume mwenye mabega ya kubebea gunia, amekaa kitandani, kikombe cha supu mkono mmoja, kijiko kikiwa bado hewani. Alikuwa mtumishi wa wizara moja kule Mtumba, Dodoma, mzaliwa wa Hombolo, na siku chache kabla ya hapo madaktari walikuwa wamempunguza tumbo ili apungue uzito. Walilomwachia lilikuwa na umbo la ndizi, tena si mkono wa tembo. Ilikuwa ndizi ile ndogo ya kula baada ya chakula.

Ninyi mnaoanza kazi jikoni mmeniomba niwaambie nilichojifunza katika miaka niliyowapikia watu wa namna ya Daudi. Nimekubali kwa sharti moja: msiniulize tarehe. Mimi hukumbuka kwa harufu. Kuna miaka ya uji ulioungua, kuna miaka ya supu ya samaki, na katikati kuna kipindi kirefu sana cha kitunguu.

Basi tuanze na kwikwi, maana ndiyo iliyotukutanisha. Tumbo kubwa likishiba hukuambia taratibu, kama mgeni anayeaga tangu saa nne na kuondoka adhuhuri. Tumbo lililopunguzwa halina adabu hiyo. Linakuambia mara moja, tena kwa kupitia mlango ambao hukuutarajia. Wengine hupiga kwikwi. Wengine hupiga chafya. Wengine pua huanza kutiririka kama wamekula pilipili. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa kike ambaye shibe yake ilikaa kwenye jicho la kushoto: likilengwa na chozi, basi, hata ungemwekea pilau ya harusi. Kila mtu ana kengele yake, na kijiko kimoja baada ya kengele hurudi kilikotoka, pamoja na wenzake wote waliotangulia. Mkianza kazi, ijueni kengele ya mtu kabla ya kujua jina lake. Jina atawakumbusha mwenyewe.

Mimi sikuzaliwa najua haya. Mimi ni mtu wa Chemba, na lugha ya mama yangu ina milio ya ulimi ndani yake. Nilipoanza kazi, nilikuwa nikizungumza na mke wangu kwenye simu pale mlangoni, wagonjwa wanadhani nawasonya. Mzee mmoja alinishitaki kwa muuguzi kwamba mpishi mpya anadharau uji anaoupika mwenyewe.

Aliyenifundisha jiko alikuwa Mama Sofia, Mungu amrehemu, mwanamke mfupi aliyeshika upawa kama askari anavyoshika bunduki. Sheria yake ilikuwa moja. "Mgonjwa akibakiza," alisema, "mgonjwa ni wewe." Alikuwa akipita kwenye vitanda kukagua sahani zilizorudi, na sahani yenye ugali uliobaki aliichukulia kama tusi la nguoni. Chini ya mkono wake nilijifunza kujaza. Nilijaza watu waliovunjika miguu, nikajaza waliotoka kujifungua, nikajaza hata jamaa waliokuja kuwaona, na nilipourithi upawa wake yeye alipoondoka, nilijiona mtu aliyekamilika katika kazi ya kushibisha.

Ndipo akaja Winfrida.

Winfrida alikuwa afisa lishe, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, na aliingia jikoni akiwa ameshika kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo wauza kahawa huviosha kwenye ndoo. Akakiweka juu ya meza ya kukatia mboga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahawa hatuna."

"Sijafuata kahawa. Hiki ndicho kitakuwa chakula chao. Hiki kimoja, nao hawatakimaliza."

Nilicheka. Niliwaita wenzangu waje wacheke pamoja nami. Winfrida akasubiri tumalize, kisha akasema kwa upole kwamba kuna wagonjwa wanaokuja, watakaokunywa maji kwanza, kisha supu iliyochujwa, kisha vitu vilivyosagwa, kisha vilaini, na kwamba kila hatua ina wakati wake na hakuna atakayerukishwa hata akilia.

"Na wakilia?" nikauliza.

"Utawapa kijiko kimoja. Cha chai."

Nilikataa kuamini mpaka nijaribu. Nikajitangazia kwamba nitakula kama wao siku moja, nifanye kazi yangu yote kwa kile kikombe. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimegombana na muuza mkaa, na mtu mmoja aliyenisalimia vizuri kabisa, na birika. Mchana nilikaa nje nikimtazama kuku wa jirani kwa namna ambayo kuku mwenyewe aliielewa akahama. Winfrida alipopita akaniuliza hali.

"Wanawezaje?" nikamwambia. "Hawa ni watu au malaika?"

"Wao tumbo lenyewe linawasaidia kukataa. Wewe unalo lako zima, unalipigia kelele bure. Nenda ukale, mzee."

Nilikula. Lakini tangu siku ile sikumcheka tena mtu anayeomba kijiko cha pili.

Sasa niwape ya mkononi, maana najua ndiyo mnayoyataka. Uji wa siku za mwanzo usiwe mwepesi kwa kuzimuliwa tu na maji, huo ni maji yenye majivuno. Utengenezeni kwa maziwa, uchujeni kwa chujio la chai, kisha uchujeni tena, maana punje moja ya uwele katika tumbo bichi ni kama kokoto kwenye kiatu. Wakifika kwenye vilaini, kitoweo kitangulie: yai, samaki, maharage yaliyopondwa, kuku aliyechambuliwa nyuzi. Ugali ni wa mwisho, kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Sukari iogopeni. Mtu wa tumbo dogo akipiga kikombe cha chai ya sukari nyingi, moyo utamwenda mbio, jasho litamtoka, ataita jamaa zake waje wamuage. Haagwi mtu. Ni chai.

Mlenda ulinishinda mimi mwenyewe. Nilifikiri, kuna kitu gani laini kuliko mlenda? Unateleza, hautafunwi, ni chakula cha nyumbani. Nikaupika kwa mapenzi. Tatizo la mlenda ni huo utelezi wake: unapita kwenye lile tumbo kama mtu anayepita sokoni bila kusalimia, hauachi shibe nyuma yake. Mgonjwa anakula, dakika mbili anataka tena, anakula, anataka tena, na kengele hailii kabisa. Winfrida alinikuta nimejisifu kwamba leo wote wamekula vizuri. Aliniambia, "Mzee, leo wote hawajala. Leo wamemwagilia."

Na kuhusu kunywa, Dodoma hii ni nchi ya kiu, wote mnajua. Vumbi linakaa kooni kama mpangaji. Kumwambia mtu wa hapa asishushie chakula kwa maji ni kumwambia mfugaji asihesabu ng'ombe wake. Lakini ndivyo ilivyo: maji na chakula havikai pamoja katika nyumba ya chumba kimoja. Anakula, anasubiri, ndipo anakunywa, kwa funda dogo dogo, siku nzima, akitembea na chupa yake. Soda aisahau, gesi yake haina pa kwenda ila kupiga ngoma. Na pombe aiache. Tulikuwa na bwana mmoja wa Makutupora, msimamizi wa shamba la zabibu, aliyejiaminisha kwamba mvinyo wa shambani kwao si pombe bali ni tunda. Alirudi kliniki akiwa na mkewe, mke ndiye aliyesimulia. Bilauri moja tu, hata nusu haikufika. Bwana alisimama sebuleni akaimba sauti zote za kwaya, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, kisha akamwomba msamaha mbuzi.

"Alimkosea mbuzi nini?" nikauliza.

"Ndicho tunachojiuliza," mke akasema. "Mbuzi si wetu."

Lakini yote hayo ni mambo ya jikoni, na nilidhani kazi yangu inaishia jikoni. Kumbe mtu akibadilishwa tumbo, tumbo linarudi naye nyumbani, linaketi mezani na ndugu zake, na ndugu hawajapewa maelekezo yoyote.

Siku moja, Daudi akiwa amekwisharudi kazini miezi kadhaa, mkewe alikuja kwenye mlango wa nyuma wa jiko. Eliza alikuwa mwanamke mpole, mwenye tabia ya kuzungusha pete kidoleni anapofikiri. Siku ile pete ilikuwa inakwenda mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule wa kwikwi hajambo?"

"Yeye hajambo. Ninayeumwa ni mimi."

Nikampa kigoda. Akaniambia kwamba shangazi yake Daudi, Shangazi Damari, alikuja mjini kutembea akakaa kwao wiki nzima, na katika wiki hiyo aliona mambo. Aliona mwanamume aliyekuwa akirudi nyumbani usiku, sasa anarudi moja kwa moja kutoka kazini. Bia hagusi. Nyama choma, ambayo zamani ilikuwa haimalizi kuiva mbele yake, sasa anachukua vipande viwili anasema asante. Asubuhi anatoka kutembea na mkewe, wanaongozana. Kila aendako amebeba kichupa cha maji aliyojaziwa na mke, anakinyonya kidogo kidogo kama dawa.

"Na mezani," Eliza akasema, "mimi nimezoea kumkumbusha. Nikisema 'tafuna', anatafuna. Nikisema 'weka kijiko', anaweka. Halafu siku ile akaniuliza mbele ya shangazi, 'Nimalizie hiki?' Mzee, shangazi alishika kifua."

Nikaanza kuona linakoelekea, na kicheko kikanipanda, lakini nikakimeza kwa sababu ya ile pete.

"Limbwata," nikasema.

"Limbwata. Amerudi Hombolo amemwambia mama mkwe kwamba nimemlisha mwanawe limbwata, dawa ya kumtuliza mume, tena nimezidisha kipimo, ndiyo maana amekonda. Kila dalili anayo."

Na kweli, vijana, hebu fikirieni. Mume mtiifu, anayekaa nyumbani, aliyeacha pombe, anayeomba ruhusa ya kula. Katika mkoa wetu, daktari gani angeweza kushindana na ushahidi ule?

"Kwani mama yake hajui kuhusu upasuaji?"

"Daudi hataki ajue. Alisema atamwambia akishapungua vizuri. Amepungua vizuri, sasa anasema atamwambia akinenepa kidogo. Na mimi nilimwahidi sitasema kwa kinywa changu." Akaacha kuzungusha pete. "Mama ametuita Jumapili tukale. Amesema atamtazama mwanawe akila, mbele ya macho yake. Asipokula, Daudi atabaki Hombolo aombewe mpaka arudi hali yake, na mimi nirudi kwa wazazi wangu. Daudi anaomba uje nasi. Wewe ni mzee, labda ukiwepo atapata moyo wa kusema."

Niliwaita wote wawili jikoni, nikamfundisha Daudi kula ugenini kwa tumbo dogo, na hili liandikeni vichwani mwenu, maana wagonjwa wenu watawauliza. Kwetu mtu hapimwi kwa alichokula. Anapimwa kwa namna alivyoketi. Anayenawa wa kwanza na kuinuka ndiye aliyedharau chakula, na anayenawa wa mwisho ndiye aliyeheshimu, hata kama amemega matonge matatu. Kwa hiyo: tonge dogo kama karanga, litafunwe mpaka lisahau kwamba lilikuwa ugali, mazungumzo mengi katikati, mkono usiondoke sahanini, na usinawe kabla ya wazee. Zaidi ya hayo, nikamwambia, tutakula sahani moja, wewe na mimi. Katika sahani ya pamoja hakuna awezaye kusema huyu amekula wapi na yule wapi.

"Na ugali nisioula mimi utakwenda wapi?" Daudi akauliza.

"Hilo niachie mimi," nikasema, kwa ujinga wa mtu aliyetoka kunywa chai.

Jumapili ikafika, tukafika. Mama Daudi alitupokea uani kwa salamu ya Kigogo, "mbukwenyi". Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye macho yasiyo na haraka. Alimtazama mwanawe kama mtu anavyotazama paa baada ya upepo, akitafuta bati lililong'oka.

"Baba, umekuwa fito," akasema.

"Fito?" akasema Shangazi Damari kutoka kwenye kiti chake sebuleni. "Fito ina kivuli."

Chakula kikaletwa. Ugali wa uwele, mweusi, unaong'aa, umekaa kwenye sinia kama kilima cha kwao. Kuku wa kienyeji. Mlenda. Wanaume wawili sahani yetu, wanawake watatu yao, chumba kimoja, magoti yanakaribiana. Tukanawa. Nikamega tonge langu, na Daudi alipomega lake la karanga, nikamega na la pili la kuziba pengo lake. Hivyo nikaendelea. Nilikuwa nakila kilima kile pande zote mbili, peke yangu, huku nikizungumzia mvua.

"Mgeni wetu anakula vizuri," akasema Mama Daudi, akafurahi.

"Mgeni anakula," akasema shangazi. "Mwenye nyumba anafinyanga vyungu."

Mama Daudi akamsogezea mwanawe kikombe cha maji. Daudi akashukuru, akakiweka kando ya goti lake, na kikombe kikakaa pale kikitutazama.

"Maji ya kwa mama yake hanywi," shangazi akasema. "Anayo yake ya chupa."

Nikamega tena. Jasho lilikuwa limeanza kunitoka nyuma ya masikio. Na hapo ndipo Mama Daudi alipoinua kifuniko cha bakuli dogo, akatoa firigisi ya yule kuku, akaiweka mkononi mwa Daudi.

Firigisi, ninyi mliokulia kwenye chipsi, ni heshima ya mwanamume mwenye nyumba. Baba yake Daudi alipofariki ilihamia kwa Daudi, na kuikataa ni kulikataa jina la baba. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hiyo. Firigisi ni tumbo la kuku, gumu kama soli ya kiatu, na sasa ilikuwa inakwenda kukutana na tumbo jingine dogo kuliko lilivyotakiwa kuwa. Daudi akang'ata ncha. Akatafuna. Sebule nzima ikawa inasikiliza taya zake. Akatafuna mpaka nikahisi meno yangu mimi yanachoka, kisha nikaona koo lake linataka kumeza mapema, na Eliza naye akaona. Mazoea yakamtoka mdomoni kabla ya akili.

"Tafuna kwanza," akanong'ona.

Shangazi akaweka mkono wake wa ugali juu ya goti.

"Wifi," akamwambia Mama Daudi, "umesikia kwa masikio yako, si mimi niliyekuambia. Mwanamume, firigisi ya marehemu kaka yangu mdomoni, anaamriwa na mke atafune. Na mtazame. Anatafuna."

"Kila mtu hutafuna, shangazi," nikasema.

"Sijakusemesha wewe, mzee. Wewe endelea kumaliza ugali."

Daudi akameza. Tukasubiri. Kwikwi.

"Hilo," shangazi akasema kwa utulivu mkubwa. "Linataka kutoka lenyewe."

Mama Daudi hakumtazama shangazi. Alimgeukia Eliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. "Mwanangu, mimi nilikupa mtu aliyeshiba. Sikukukosea kitu. Niambie tu ulimlisha nini, ili nijue pa kuanzia kumponya."

Ahadi ya Eliza ilikuwa imekaa kwenye ulimi kama mfupa. Akamtazama mumewe. Mimi nilikuwa nimepelekwa pale ili kumpa Daudi moyo, na maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini ugali ulikuwa umenifika shingoni, na hata usingekuwepo, niliona wazi kwamba neno lile likitoka kwangu litakuwa neno la mgeni, na binti yule ataendelea kuonekana mchawi aliyepata wakili.

Daudi akaiweka ile firigisi iliyobaki juu ya sahani.

"Mama, sijalishwa kitu. Nilipasuliwa. Tumbo langu wamelipunguza. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na Eliza alilia akinikataza."

Mama Daudi akafikiri.

"Wamelipunguza vipi?"

"Wamekata sehemu kubwa wakaitoa. Iliyobaki wakaishona."

"Hicho walichotoa wamekipeleka wapi?"

Daudi akanitazama. Katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa wala jamaa aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Hospitali wana utaratibu wao, mama," nikasema.

"Utaratibu gani? Ni kipande cha mwanangu. Nilikijaza mimi, kwa uwele wangu na maziwa ya ng'ombe wangu, kabla hajajua kutembea. Mtu anakichukua hivi hivi, bila hata kunitumia salamu?"

Daudi akaanza kucheka, kwikwi ikamkata, akainamisha kichwa. Alipokiinua hakuwa anacheka.

"Ndiyo maana sikukuambia," akasema. "Ningekuambiaje kwamba nimekwenda kukatwa pale pale ulipopajaza? Lakini mguu wangu ulikuwa umeanza kufa ganzi, mama. Huu wa kulia. Kama wa baba ulivyoanza."

Mama Daudi aligeuza uso kuelekea kona ya chumba, ambako hapakuwa na kitu. Baadaye Daudi aliniambia kwamba ndipo mkongojo wa baba yake ulipokuwa ukiegemezwa, baada ya kisukari kumchukua mguu na kabla ya kumchukua mwenyewe. Hakuna aliyemega.

Kisha Mama Daudi akavuta sahani yetu, akachota ugali kidogo kwa ncha za vidole, akaufinyanga kiganjani kwa kidole gumba. Akaunyosha mkono. Hakumwonyesha Daudi. Alimwonyesha Eliza.

"Hivi?"

Eliza akasita. "Dogo zaidi, mama."

Mama Daudi akaligawa tonge, nusu akala mwenyewe. "Hivi?"

"Hapo sawa. Lakini si sasa. Akipiga kwikwi ameshiba."

"Ameshiba," akarudia Mama Daudi taratibu, kama anayejifunza neno la lugha ngeni. Akalirudisha tonge sahanini. "Na maji?"

"Asubiri kidogo. Halafu anywe funda dogo dogo."

Mama Daudi akakichukua kile kikombe kando ya goti la mwanawe, akakisogeza mbali, mahali Eliza alipomwonyesha kwa kidevu.

Shangazi Damari alikuwa amesimama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na nadhani kweli aliogopa.

"Anakuamrisha ndani ya nyumba yako," akasema, "na wewe unatii. Basi kwisha. Wifi yangu, na wewe umeshalishwa."

"Nimelishwa, wifi," akasema Mama Daudi, akinawa mikono. "Tena nimeongezwa."

Akainuka. Akachukua khanga ya wifi yake iliyokuwa imeangukia nyuma ya kiti, akaikung'uta, akamfunika nayo mabegani vizuri, kama anavyosindikizwa mgeni mpendwa. Akamshika mkono, akampeleka mpaka kizingitini, akamwambia asalimie wote nyumbani na atazame ile ngazi imevunjika. Shangazi alikuwa bado anasema, katikati ya sentensi kuhusu waganga wa siku hizi na vipimo vyao, mlango ulipofungwa.